Kutoka Tuskegee hadi Kabete: elimu ya ufundi ilikusudiwa kumfikisha kijana wapi?

Mjadala wa elimu ya ufundi ukizuka hapa kwetu, watu hugawanyika haraka. Wapo wanaosema vijana wamejazwa nadharia hadi wamelemaa, wapelekwe karakana wakashike nyundo. Wapo wanaowajibu kwamba hayo ndiyo maneno waliyotumia walowezi kuwanyima babu zetu shule za maana. Kila upande una ushahidi, na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huo, wa huku na wa kule, unatoka katika chuo kimoja kilichoko mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani. Hapo ndipo watetezi wa ufundi walipopata mfano wao bora. Hapo pia ndipo watawala wa kikoloni walipoazima hoja ya kumwekea Mwafrika kikomo.

Nitakifuata kisa hicho tangu mwanzo wake hadi kilipofika Kabete, nje ya Nairobi, mwaka 1925. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tofali na randa hazikumdhuru mtu. Kilichoamua kama ufundi ungemwinua kijana au ungemfungia ni nani aliyeshika hatamu za shule, na kama baada ya karakana kulikuwa na mlango mwingine wa kuingia.

Shule iliyopatikana kwa kura

Mwaka 1880 W. F. Foster alikuwa akitafuta kiti katika seneti ya Alabama. Katika kaunti ya Macon, Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, na wakati huo bado waliweza kupiga kura. Foster akamwendea Lewis Adams, Mweusi aliyezaliwa utumwani na aliyekuwa na sauti kubwa miongoni mwa wenzake, akamuuliza angetaka nini ili amsaidie kupata kura hizo. Adams hakuomba pesa wala cheo. Aliomba shule. Foster akashinda, na Februari 1881 bunge la Alabama likapitisha sheria ya kutenga dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya chuo cha kuandaa walimu Weusi.

Adams mwenyewe alikuwa fundi: alifua bati, alishona viatu na kutengeneza hatamu za farasi. Jambo hili wasimulizi wengi hulipita haraka, nami nadhani lina uzito. Mtu aliyekuwa akila kwa jasho la ufundi wake, alipopewa nafasi ya kuomba chochote, aliomba chuo cha walimu. Ufundi haukuwa haja yake kubwa, kwa kuwa watu wake walikuwa nao tayari. Chini ya utumwa Weusi ndio waliokuwa waashi, maseremala na wahunzi wa mashamba makubwa ya Kusini. Walichonyimwa, tena kwa sheria kali katika majimbo mengi, ni kusoma na kuandika.

Waliopewa jukumu la kukianzisha chuo, akiwemo mfanyabiashara George Campbell aliyewahi kumiliki watumwa, waliandika barua kwa chuo cha Hampton, jimbo la Virginia, kuomba mkuu wa chuo. Walimtarajia Mzungu. Jenerali Samuel Armstrong, mwanzilishi wa Hampton, akawajibu kwamba mtu aliyenaye ni mmoja tu, naye ni Mweusi: Booker T. Washington, kijana wa miaka 25, aliyezaliwa mtumwa na kusomeshwa hapo hapo Hampton.

Armstrong naye anahitaji maneno machache. Alikuwa mtoto wa wamisionari waliofanya kazi Hawaii, na huko aliona shule za misheni zilizochanganya masomo na kazi za mikono. Alipofungua Hampton mwaka 1868, miaka 3 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alileta imani ile ile: kazi hujenga tabia, na watu waliotoka utumwani walihitaji kwanza nidhamu, usafi na stadi. Siasa aliwataka wakae nayo mbali. Washington alimheshimu kama baba, na sehemu kubwa ya mafundisho yake aliibeba hadi Alabama.

Tanuri lililoanguka usiku

Chuo kilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 kikiwa na wanafunzi wapatao 30, ndani ya kibanda kibovu kando ya kanisa. Zile dola 2,000 zilikuwa za mishahara peke yake. Serikali haikutoa ardhi, jengo wala kitabu. Muda si mrefu Washington akapata shamba la ekari 100 lililokuwa limeachwa, kwa bei ya dola 500. Fedha ya kuanzia aliikopa kwa mweka hazina wa Hampton, aliyeitoa mfukoni mwake. Nyumba kubwa ya shamba ilikuwa imeungua. Vilivyobaki vilikuwa kibanda kilichotumika zamani kama chumba cha kulia, jiko kuukuu, zizi la farasi na banda la kuku. Vyote vikafagiliwa vikawa madarasa, banda la kuku likiwemo.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Washington alipowaambia wanafunzi kwamba mchana, masomo yakiisha, watakwenda kufyeka msitu ili wapande mazao, hawakufurahi. Baadhi yao walikuwa tayari walimu wa vijijini, na hawakuona shoka linahusiana vipi na elimu. Akachukua shoka lake akatangulia. Wazazi nao walileta malalamiko, kwa barua na wengine kwa miguu: watoto wetu tumewaleta kusoma vitabu, kulima walikuwa wanalima nyumbani. Malalamiko hayo yanafaa kuchukuliwa kwa uzito. Mzazi aliyelima pamba ya bwana bila ujira hakuwa mvivu wala mwenye majivuno alipotaka mwanawe ashike kalamu.

Matofali ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi chuo hiki kilivyofanya kazi. Chuo kilihitaji majengo, na mji wa Tuskegee haukuwa na kiwanda cha matofali. Washington hakujua kazi hiyo, na udongo mzuri haukupatikana kwa urahisi. Mashimo yalichimbwa hapa na pale kabla ya kupata unaofaa. Wanafunzi waliopenda kufyeka walikuwa wachache, na waliopenda kusimama ndani ya shimo la udongo, tope likiwafika magotini saa nzima baada ya saa, walikuwa wachache zaidi. Wengine walifunga virago wakaenda zao.

Tanuri la kwanza lilipangwa matofali yapatayo 25,000, nalo likaharibika kwa kuwa halikujengwa wala kuchomwa inavyotakiwa. La pili likaharibika pia. Kwa la tatu walijitokeza walimu waliojifunza kazi hiyo Hampton, na matumaini yakarudi. Kuchoma tanuri moja kulichukua karibu wiki nzima ya kulisha moto usiku na mchana. Wiki ikielekea ukingoni, ikionekana kwamba saa chache zaidi wangekuwa na maelfu ya matofali mazuri, tanuri likaanguka katikati ya usiku. Fedha zikawa zimekwisha. Walimu wengi wakamshauri Washington aache. Yeye akaichukua saa yake ya mfukoni, akaenda Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi kujaribu tena. Tanuri la nne likakubali. Muda wa rehani ulipita kabla hajapata pesa za kuikomboa, na saa ile hakuiona tena.

Kisa hiki ni chake mwenyewe, alikisimulia akiwa mtu mashuhuri mwenye haja ya kukusanya michango, kwa hiyo tusishangae kama kimepigwa msasa kidogo. Lakini matokeo yake hayahitaji msimulizi. Wazungu wa jirani waliokuwa hawakitaki chuo walianza kuja kununua matofali, kwa sababu yalikuwa mazuri na hayakupatikana pengine. Kufikia karibu mwaka 1900 wanafunzi walikuwa wakifyatua matofali zaidi ya milioni moja kwa msimu. Kati ya majengo 40 yaliyokuwepo wakati huo, 36 yalikuwa karibu yote kazi ya mikono ya wanafunzi.

Yeyote aliyewahi kusoma katika shule ambayo somo la useremala lilikuwa na benchi moja, msumeno butu na kazi ya mradi iliyonunuliwa kwa fundi wa sokoni usiku wa kuamkia mtihani, ataona tofauti mara moja. Hapa kwetu, wakati wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, shule nyingi zilifundisha sanaa na ufundi kwenye ubao. Tuskegee kijana alichoma tofali linalohitajika, likajenga bweni atakalolala, na lililobaki likauzwa kwa mteja anayejua kulikagua. Kosa lilionekana. Tanuri likianguka hakuna alama za huruma.

Mwaka 1884 lilianzishwa darasa la usiku kwa wale wasiokuwa na karo kabisa. Hao walifanya kazi saa 10 mchana, wakasoma saa 2 usiku. Ujira wao haukutolewa mkononi: uliwekwa katika hazina ya chuo ili uje kuwalipia chakula na malazi watakapoingia masomo ya mchana. Kwa mtoto wa mkulima aliyefungwa na madeni ya duka na bwana shamba, huo ulikuwa mlango pekee. Lakini saa 2 za kitabu kwa mwili uliochoka kwa saa 10 ni kidogo mno, na kwa kijana wa namna hiyo chuo kilikuwa kwanza mwajiri, halafu shule. Mstari kati ya kufundishwa kazi na kufanyishwa kazi ni mwembamba, na hapo ulikanyagwa mara nyingi.

Wafadhili walichokisikia

Hadi hapa tuna shule maskini inayojijenga. Iliyoibadilisha kuwa taasisi tajiri ni hotuba ya tarehe 18 Septemba 1895, katika maonyesho ya biashara mjini Atlanta. Washington aliwaambia Weusi waanzie pale walipo, katika kilimo, ufundi, biashara na kazi za nyumbani. Aliwaambia Wazungu kwamba katika mambo yote ya kijamii watu wa rangi mbili wanaweza kutengana kama vidole, lakini wakawa kama mkono mmoja katika maendeleo ya pamoja. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Tangu siku hiyo pesa zilikuja. Mwaka 1903 Andrew Carnegie alikipa chuo dola 600,000. Washington alipofariki mwaka 1915, Tuskegee ilikuwa na majengo zaidi ya 100, wanafunzi 1,500 hivi, fani 38 na akiba ya karibu dola milioni 2. Hakuna taasisi iliyoongozwa na Weusi iliyowahi kufika hapo.

Wakati huo huo, Alabama ilikuwa inaandika katiba mpya. Katiba ya mwaka 1901 iliweka masharti ya kusoma, mali na kodi yaliyowafuta karibu Weusi wote katika daftari la wapiga kura. Kura ndizo zilizoleta chuo mwaka 1881. Miaka 20 baadaye kaunti ile ile isingeweza tena kumpata Foster mwingine wa kujadiliana naye. Washington hakunyamaza kabisa. Kwa siri alisaidia kugharimia kesi za kupinga katiba hiyo, ikiwemo ya Jackson Giles wa Montgomery iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kushindwa mwaka 1903. Hadharani lakini aliendelea kuhubiri subira, na wafadhili waliendelea kumsikia wanavyotaka. Yeye alisema: tuanzie chini. Wao wakasikia: wabaki chini.

W. E. B. Du Bois, Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari Harvard, alimkosoa hadharani mwaka huo huo wa 1903. Hakusema ufundi ni upuuzi. Alikubali kwamba vijana wengi wanauhitaji. Alidai mambo matatu ambayo mtu hawezi kuyaacha akatarajia kuhifadhi mali yake: kura, usawa wa kiraia, na elimu ya juu kwa wenye kipaji. Akaongeza hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Tuskegee yenyewe isingefungua milango hata siku moja bila walimu waliosoma vyuo vikuu.

Ukiangalia orodha ya walimu unaona alikuwa sahihi. Robert Taylor, msanifu aliyechora majengo mengi ya chuo na kusimamia fani za ufundi, alihitimu mwaka 1892 katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts. George Washington Carver, aliyeletwa mwaka 1896 kuongoza kilimo, alikuwa na shahada ya uzamili kutoka Iowa. Mwanafunzi alifyatua tofali, naam, lakini mchoro wa jengo ulitoka kwa mtu aliyesoma hesabu kwa miaka. Ufundi wa Tuskegee ulikuwa mzuri kwa sababu juu yake kulikuwa na elimu ambayo wafadhili waliiona haimfai mwanafunzi.

Na Washington alijua. Binti yake, Portia, alijifunza kushona pale Tuskegee kama wasichana wengine. Kisha baba akampeleka shule ya Bradford, Massachusetts, akamaliza mwaka 1905, na baadaye akaenda Berlin kusomea piano kwa Martin Krause, mwalimu mwenye jina kubwa. Simlaumu. Mzazi yeyote mwenye uwezo angefanya hivyo. Lakini hicho ndicho kipimo ninachokitumia kila ninaposikia mheshimiwa akiwahimiza vijana wa wenzake waende vyuo vya ufundi: wa kwake yuko wapi?

Kulikuwa na tatizo jingine, la soko. Fani nyingi za mwanzo zilikuwa za dunia inayoondoka: kutengeneza magurudumu ya mikokoteni, kufua vyuma kwa mkono, kushona hatamu. Viwanda vilikuwa vinazifuta, na katika miji mingi vyama vya wafanyakazi Wazungu viliwafungia Weusi nje ya kazi za ufundi zilizobaki. Kwa hiyo wahitimu wengi wa Tuskegee hawakuishia kuwa mafundi. Walikuwa walimu, wakaenda kufungua shule ndogo katika vijiji vya Kusini. Lewis Adams alipata alichokiomba.

Mfano unasafirishwa

Waliotangulia kuuchukua mfano huu kuuleta Afrika walikuwa Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ombi la Kamati ya Uchumi ya Makoloni ya Berlin, kikundi cha watu wa Tuskegee kikiongozwa na James Calloway kilifika Togo kufundisha kilimo cha pamba ya kuuzwa Ulaya. Kamati hiyo hiyo ilikuwa inasukuma pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na tunajua pamba ya kulazimishwa ilichangia vipi kuwasha vita vya Maji Maji huko Matumbi mwaka 1905. Sisemi Tuskegee ilisababisha Maji Maji, haikuwepo huko. Ila inaonyesha Wajerumani waliiona kama nini: njia ya kupata wazalishaji wa malighafi.

Waingereza wa Kenya walikuwa na sababu zao. Baada ya reli, kazi nyingi za ufundi zilishikwa na mafundi Wahindi. Walowezi na serikali waliona wana gharama, wakataka mafundi Waafrika watakaolipwa kidogo. Mwaka 1909 Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu aliyetolewa India kuishauri serikali ya eneo hilo, alipendekeza elimu ya Waafrika iegemee ufundi. Misheni zikaanza kupewa ruzuku kwa kila mwanagenzi aliyefaulu. Ombi halikutoka kwa fundi kama Adams aliyetaka watu wake wasome. Lilitoka kwa mwajiri aliyetafuta fundi wa bei nafuu.

Waafrika nao walikuwa wameisikia Tuskegee, lakini kwa sikio jingine. Mwaka 1921 Harry Thuku aliandika barua hadi Alabama kuomba msaada wa elimu kwa watu wake. Alichokiona yeye ni chuo kikubwa kinachoongozwa na Mweusi kutoka juu hadi chini. Kwa kijana wa Nairobi aliyekuwa anapambana na kipande na kodi ya kichwa, habari kubwa ilikuwa kwamba mkuu wa mahali hapo ni mtu mweusi, na karakana ilikuja baadaye.

Jibu lililokuja halikuwa alilotaka. Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya Mfuko wa Phelps-Stokes ya New York, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyewahi kufundisha Hampton. Pamoja naye alikuwa James Aggrey wa Gold Coast (sasa Ghana), msomi aliyehitimu Livingstone College huko North Carolina na kuendelea na masomo Columbia. Tume ilipendekeza elimu iliyolingana na maisha ya kijiji: afya, kilimo, nyumba bora, ufundi mdogo mdogo. Mmoja wa wajumbe wake, na msomi kuliko wengi waliokuwa wakiwahutubia, alikuwa ushahidi tosha kwamba Mwafrika anaweza kusoma chochote. Aliheshimiwa sana alikopita. Mapendekezo hayakubadilika.

Kabete ndiko mambo hayo yalikopata majengo. Mwaka 1924 serikali ilifungua karakana kuu ya kufundishia Waafrika ufundi, na wanagenzi wakaingia kwa mikataba kujifunza uashi, useremala na kazi nyingine za ujenzi. Mwaka uliofuata, hapo hapo Kabete, ikafunguliwa shule ya Jeanes kwa fedha za Shirika la Carnegie, chini ya James Dougall aliyekuwa katibu wa ile tume. Jina lilitoka kwa Anna Jeanes, Mkwekari (Quaker) wa Philadelphia aliyeacha dola milioni 1 kusaidia shule za vijijini za Weusi wa Kusini. Kule Marekani walimu wa Jeanes, wa kwanza wao akiwa Virginia Randolph mwaka 1908, walizunguka shule hadi shule wakisaidia walimu wenzao.

Shule ya Kabete ilichukua mwalimu pamoja na mkewe na watoto. Kila familia ilipewa nyumba yake na kishamba, mume akajifunza kukagua shule za vijijini, kuchimba choo, kupanda mboga na kufundisha kazi za mikono; mke akajifunza malezi na usafi. Mengi ya hayo yalikuwa mema. Mwalimu aliyerudi kijijini akachimba choo safi na kuwaonyesha jirani namna ya kukinga watoto na kuhara hakuwa amepoteza muda. Mimi sioni haya kuisifu sehemu hiyo.

Lakini linganisha na Alabama. Kule mkuu alikuwa Mweusi na walimu wake Weusi, tofali likawa mali ya chuo, na pesa za tofali zikamsomesha aliyelifyatua. Hapa mkuu alikuwa Mzungu, mtaala ulitoka kwa wafadhili, na mwanafunzi hakuwa na mahali pa juu zaidi pa kwenda. Kilichosafirishwa ni kikomo. Umiliki uliachwa bandarini.

Halafu kuna jambo la muda. Katikati ya miaka ya 1920, Robert Moton, aliyemrithi Washington, alikuwa anaanzisha masomo ya shahada pale Tuskegee kwa sababu ufundi peke yake haukutosha tena. Mwaka 1927 wanafunzi wa Hampton waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa masomo ya kiwango cha juu na walimu wenye sifa. Kwa maneno mengine, Kabete iliuziwa mfano wakati wenye mfano wenyewe walikuwa wanautoroka.

Kijana wa Kiambu aliyepitia Hampton

Mwaka huo huo wa mgomo, aliingia Hampton kijana kutoka Kiambu, Mbiyu Koinange, mtoto wa chifu. Kama nadharia ya tume ingekuwa sahihi, angerudi akiwa fundi mtulivu au msimamizi wa bustani za shule. Aliendelea hadi Ohio Wesleyan, kisha Columbia alikopata shahada ya uzamili, na kurudi nyumbani mwaka 1938.

Wakati huo Wakikuyu wengi walikuwa tayari wameanzisha shule zao za kujitegemea, nje ya misheni. Moja ya madai yao makubwa ilikuwa watoto wafundishwe Kiingereza mapema, lugha ambayo bila hiyo hakuna sekondari wala ofisi. Shule hizo zilikosa walimu. Mwaka 1939 Koinange alifungua chuo cha walimu huko Githunguri, na fedha za kukijenga zilichangwa na wananchi, rika kwa rika, kila rika likishindana na jingine. Miaka 58 baada ya Lewis Adams, watu wengine waliozoea jembe walichagua kitu kile kile alichochagua yeye, na safari hii hawakumwomba seneta.

Githunguri ilijengwa kwa nguvu za wananchi, kazi za mikono zikiwa sehemu ya ujenzi huo, wala sijaona ushahidi kwamba wazazi hao walidharau kazi. Walikataa kazi iwe ndiyo mwisho. Serikali ilikifunga chuo mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Zile taasisi mbili za Kabete bado zipo. Karakana ya mwaka 1924 sasa ni Kabete National Polytechnic, na vijana wanaoingia pale wanaweza kuanza na cheti cha ufundi wakapanda hadi stashahada, na mwenye stashahada anaweza kuomba nafasi chuo kikuu. Njia hiyo ina mashimo: karo, mashine kuukuu, nafasi chache za mazoezi kazini, na wazazi wanaompeleka pale mtoto aliyekosa alama za kwingine. Lakini ipo, na mwanagenzi wa mwaka 1924 hakuwa nayo. Shule ya Jeanes nayo, iliyoundwa ili mwalimu arudi kijijini akatulie huko, iligeuzwa mwaka 1961 kuwa taasisi ya kufundishia watawala Waafrika, kwa kuwa uhuru ulikuwa unabisha hodi na nchi ilihitaji maofisa wa wilaya ambao mtaala wa Kabete haukuwahi kufikiria kuwatoa. Leo ni Kenya School of Government.